Laptopu yangu ilifeli mtihani, na mimi sikusoma swali

Najua nimewatupa. Mara ya mwisho kuandika humu ndiyo tulikuwa tunarudi kutoka BTP, nikaahidi nitawaletea picha za kile kijiji. Picha zipo, msijali. Ila juzi nusura zipotee zote pamoja na utafiti wangu wa mwaka wa tatu, na hiyo ndiyo habari ya leo. Ni ndefu kidogo, chukua maji ya kunywa kwanza.

Wengi mnaijua laptopu yangu. HP EliteBook 840 G5, ya mtumba, mgongoni ina gundi ya stika ya ofisi fulani ya Ulaya. Niliinunua Kariakoo nikiwa mwaka wa kwanza kwa laki sita na ishirini, nusu ikiwa ni bumu na nusu mchele wa mama. Tulienda wawili, mimi na mwenzangu wa chumbani. Duka moja, siku moja, bei moja, na kwa macho yetu kompyuta zilikuwa mapacha. Huyu mwenzangu tunamwita Dada Mkuu, kwa sababu alikuwa dada mkuu kidato cha sita na mpaka leo hajaacha cheo. Saa tano usiku anazima taa, utake usitake. Mkumbukeni, atarudi huko mbele.

Sasa, kama mnavyojua, tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa. Siyo kwamba kompyuta inazimika. Inawaka tu kama kawaida, ila likigundulika tundu jipya la usalama hakuna anayekuja kuliziba bure kama zamani. Mimi nilijua na nikapuuza, vile tunavyopuuza tangazo la ada mpaka jina libandikwe ukutani. Lakini BTP nimechomeka flashi kila stationari ya wilaya ile kuchapa maandalio ya somo, nimerudi na virusi vya kila aina, nikasema hapana, napandisha mashine kwenda Windows 11.

Nikashusha ile programu ndogo ya kukagua, PC Health Check, nikabofya. Jibu likaja na alama nyekundu: kompyuta hii kwa sasa haikidhi vigezo vya Windows 11.

Nikaishiwa pozi.

Kesho yake nikaibeba kwa fundi mmoja wa nje ya geti. Hakuichomeka hata kwenye umeme. Akaigeuza mara moja, akasema: "Dada yangu, hizi zimepitwa na wakati, hazipandi Windows 11. Nikusaidie tu. Nichukue hii kwa laki mbili na nusu, wewe uongeze laki nne, nikupe inayopanda." Laki nne! Na mimi nikaanza kupiga hesabu kweli. Nikampigia mama simu, kuomba si unajua hakuanzi na kuomba, kunaanza na salamu za shangazi.

"Mama, ile kompyuta imekuwa ya zamani."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika, mama. Imekuwa ya zamani."

"Sasa inaandika?"

"Inaandika."

Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nakula vizuri. Basi, laki nne ikaishia hapo hapo.

Aliyeniokoa ni jamaa mmoja wa Sayansi ya Kompyuta, tunamwita Injinia, tunakutana naye foleni ya chapati. Nikamlilia shida yangu yote. Badala ya kunipa pole akaniuliza: "Dada, ilikuambia imefeli kigezo gani?" Nikabaki namtazama. Sikujua! Nilikuwa nimeona nyekundu nikafunga. Mwalimu mtarajiwa mzima, ninayewagombeza wanafunzi wa kidato cha pili kwa kujibu kabla ya kusoma swali lote, nimekimbilia kwa fundi bila kusoma mstari wa pili. Na baya zaidi, mimi nasoma Kiswahili. Sentensi imeandika "kwa sasa haikidhi". Kwa sasa! Vielezi vya wakati nimevifundisha mwenyewe ubaoni, halafu nakiruka kielezi kinachogharimu laki nne.

Tukaifungua pale pale kwenye benchi. Mistari miwili tu ndiyo ilikuwa nyekundu. Wa kwanza, kompyuta lazima iwe na uwezo wa Secure Boot. Wa pili, TPM 2.0 lazima iwepo na iwe imewashwa. Prosesa kijani, ramu kijani, nafasi ya diski kijani.

Niwaeleze kama Injinia alivyonieleza, kwa sababu najua humu wengi ni watu wa Elimu kama mimi. Windows 11 haitaki makubwa kwenye ramu na diski: ramu GB 4, diski GB 64, mashine nyingi za chuoni zinavuka. Inakokaba ni kwingine. Kwanza prosesa, lazima iwe kwenye orodha yao, na kwa Intel orodha hiyo kwa kawaida inaanzia kizazi cha 8, kwa AMD Ryzen inaanzia familia ya 2000. Pili TPM, ambayo ni sehemu ya kutunzia funguo za siri za mashine. Inaweza kuwa chipu yake yenyewe kwenye bodi mama, au ikawa ndani ya prosesa ikiendeshwa na fimweya. Tatu Secure Boot, yaani wakati wa kuwaka mashine inakagua sahihi ya kile inachokiwasha, ili virusi visitangulie kuamka kabla ya Windows yenyewe.

Na fimweya ndiyo nini? Ni ile programu iliyochomwa kwenye chipu ya bodi mama, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote. Wengi tunaiita baiosi. Baiosi ya kizamani na hii mpya inayoitwa UEFI ni vitu viwili, ila kompyuta nyingi za miaka ya katikati ziliweza kujifanya zote mbili. Hapo ndipo siri ilipokuwa imelala. Injinia aliandika msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia, akanionyesha mstari wa BIOS Mode. Umeandikwa Legacy. Laptopu yangu ya UEFI ilikuwa inaishi kama bibi yake!

Nani aliifanya hivyo? Aliyeipiga Windows kabla haijanifikia. Ana flashi yake ya miaka yote, iliyotengenezwa kwa mtindo wa zamani, haiwaki kwenye UEFI mpaka ubadilishe baiosi. Basi anabadilisha, anapiga Windows, anauza. Mashine ina kila kitu, ila mlango umefungwa na aliyeufunga hakuacha maelezo.

Injinia akasema, "Dada, subiri Jumamosi tufanye kwa utaratibu." Nikasema sawa. Lakini ninyi mnanijua. Usiku ule ule, Dada Mkuu ameshazima taa, nikaiwasha chini ya neti, nikabonyeza F10, nikaingia kwenye baiosi. Nikaiona TPM imeandikwa Hidden, yaani ipo ila imefichwa. Nikaiweka Available. Nikaenda kwenye Secure Boot, nikazima Legacy, nikawasha Secure Boot. Nikahifadhi. Najiona fundi mkuu.

Kioo kikawa cheusi, halafu maandishi meupe: hakuna kifaa cha kuwashia, tafadhali weka mfumo kwenye diski. Chini yake namba, 3F0.

Jamani. Kwenye ile diski kulikuwa na mahojiano 14 ya walimu niliyorekodi kwa sauti, walimu waliobaki shuleni baada ya saa za kazi kwa sababu yangu, mmoja akiwa na mtoto mgongoni. Sura tatu za ripoti. Msimamizi alishanipa tarehe. Nakala nyingine? Ilikuwepo barua pepe ya sura ya kwanza, basi. Nilizima, nikawasha, 3F0. Nikazima, nikawasha, 3F0. Nililia bila sauti ili nisimwamshe mtu, na kumbe Dada Mkuu alikuwa macho, akasema gizani: "Rudisha ulichobadilisha." Hivyo tu. Hakuuliza nini. Nikarudisha Legacy kwa mikono inayotetemeka, ikawaka. Nikalala na laptopu kifuani kama kichanga.

Jumamosi Injinia alinicheka kwanza, ndipo akaeleza. Data haikuwa imeguswa hata kidogo. Shida ni kwamba diski nayo ina namna mbili za kupangwa. Ile ya kizamani inaitwa MBR, ile ya kisasa GPT. Windows iliyopigwa Legacy imekaa juu ya MBR, na ukiiambia fimweya iwe UEFI mtupu inatafuta mpangilio wa GPT, haiuoni, inasema hakuna kitu. Kwa hiyo ni diski kwanza, baiosi baadaye. Mimi nilianzia mwisho.

Kuna chombo kimo ndani ya Windows 10 yenyewe tangu toleo la 1703, kinaitwa mbr2gpt. Kinabadilisha mpangilio bila kufuta mafaili. Unafungua kile kidirisha cheusi cha amri kama msimamizi wa mashine, na kabla ya kubadilisha unakiambia kihakiki kwanza:

mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS

Yangu ikakataa. Mpangilio wa diski haujakubalika. Sababu ni kwamba chombo hiki hakitaki sehemu kuu zaidi ya tatu, na yangu ilikuwa na nne: ile ndogo ya kuwashia, C, ile ya uokoaji, na D aliyoikata muuzaji ili mashine ionekane na diski mbili. Moja lazima iondoke, na inayoondoka ni D. Na mahojiano yapo wapi? Kwenye D.

Hapa nikasema sigusi kitu mpaka nipate diski ya nje. Kuipata chuoni ni kazi kuliko kupata mchumba. Yupo jamaa wa Sosholojia anayo, imejaa tamthilia za Kikorea, akanipa kwa masharti ya kutofuta hata moja na soda juu. Tukahamisha kila kitu cha D, GB 90 na ushee. Katikati umeme ukakatika, block nzima kelele. Betri yangu inakaa dakika 25 ikiwa na siku nzuri. Tulikaa tunatazama ule mstari wa kijani kama watu wanaosubiri matokeo ya NECTA. Ulifika mwisho betri ikiwa asilimia 11. Sikuamini hivyo hivyo, nikafungua rekodi moja moja, zote 14, kila moja nikasikiliza mwanzo na mwisho. Injinia akachoka akaenda kula.

Umeme uliporudi akapendekeza tuweke na toleo jipya la baiosi. Nikakataa kata kata. Kuandika upya fimweya ni kitu ambacho kikikatika njiani mashine inaweza isiwake tena kabisa, na kwa mashine yangu hakikuwa kigezo. Kwa betri ya dakika 25 na umeme wetu huu? Hapana, asante.

Tukafuta D. Tukahakiki tena, safari hii ikakubali. Kisha neno validate likawa convert, sekunde chache tu, na ikatukumbusha kwamba sasa fimweya iwekwe kwenye UEFI ndipo itawaka. Nikaristati, F10, nikarudia yale yale niliyofanya usiku ule, ila sasa kwa mpangilio. HP wana kaustaarabu kao: ukibadilisha Secure Boot, mashine ikiwaka inakuonyesha tarakimu nne na kukutaka uziandike, ili kuhakikisha ni mtu aliyekaa mbele ya kioo na siyo programu fulani. Usipoziandika, mabadiliko yako hayashiki. Nikaziandika kwa kidole kimoja.

Ikawaka. Mara ya kwanza maishani mwangu nimeshangilia kuona picha ya Windows.

Kwa watakaojaribu, mambo mawili ambayo kwangu hayakutokea ila yamewatokea wengine hapa chuoni. Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, isitishe kwanza kabla ya kugusa TPM au baiosi, la sivyo itakuomba ufunguo wa tarakimu 48, na kama hujui uliko, umekwisha. Pili, hizi mashine za mtumba zilikuwa za ofisi, nyingine baiosi yake bado ina nenosiri la mwenyewe wa kwanza. Rafiki yangu wa Jiografia amekwama hapo hapo, kila anachotaka kukiwasha anakiona lakini hawezi kukigusa. Ukienda dukani, kabla hujatoa hela, bonyeza F10 uone kama inakuruhusu kuingia.

Basi, nikarudi PC Health Check, kijani tupu. Nikasubiri usiku maktaba ipungue watu, nikashusha Windows 11 yenyewe, zaidi ya GB 5, kwa bando langu ningeuza figo. Asubuhi nilikuwa nayo. Diski iliyobaki wazi nikaitengeneza D mpya, kwenye GPT hakuna shida ya sehemu nne, nikarudisha kila kitu.

Sasa ndiyo sehemu ambayo nimeiandika na kuifuta mara tatu.

Nilirudi chumbani najigamba. Nikamwambia Dada Mkuu lete yako, dakika kumi nyingi. Nimeshakuwa fundi, si unaona. Akaileta bila neno. Nikakagua. Secure Boot ikawa nyekundu, nikacheka, hilo dogo. TPM nyekundu, dogo pia. Halafu mstari wa tatu: prosesa kwa sasa haijakubaliwa na Windows 11.

Nikaigeuza. 840 G3. Yangu G5. Miaka mitatu ya chuo tumekuwa tukiazimana chaja tukiamini kompyuta ni moja! Nikafungua maelezo ya mfumo: yake i5-6300U, yangu i5-8350U. Ile tarakimu ya kwanza baada ya mstari ndiyo kizazi. Yake cha 6, yangu cha 8. Na kwenye laptopu hizi prosesa imechomelewa kwenye bodi mama, hutoi ukaweka nyingine kama balbu. Tulitoa laki sita na ishirini kila mmoja, mmoja akapewa mashine yenye vizazi viwili mbele, na hakuna aliyetuambia. Nadhani hata muuzaji alitoa tu iliyokuwa karibu na mkono wake.

Safari hii lile neno "kwa sasa" halikuwa na maana yoyote. Ni adabu tu, kama "tutakupigia" ya ofisini.

"Kwa hiyo yangu ndiyo imefeli kweli," akasema.

Sikuwa na jibu. Yule fundi wa nje ya geti aliposikia akasema anaweza kuipiga Windows 11 kwa flashi inayoruka ukaguzi, elfu 25 tu. Na ni kweli inawezekana, wapo wengi wanatembea nayo, Injinia mwenyewe alikiri. Ila Microsoft walishasema mashine isiyokidhi vigezo haina haki ya kudai masasisho, na masasisho ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta tangu mwanzo. Dada Mkuu ana ripoti ya kukabidhi. Hakutaka mashine ambayo siku moja itamkataa katikati ya sura ya tano.

Alichoamua ni hiki. Windows 10 wana mpango wa kuongeza masasisho ya usalama kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Unalipa dola 30, au hulipi kitu ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti yako ya Microsoft. Akachagua bure, imemtosha kumaliza chuo. Baada ya hapo anafikiria Linux. Injinia amemwekea Linux Mint kwenye flashi, anaiwasha kutoka humo humo bila kugusa diski, anaizoea jioni jioni. Lalamiko lake mpaka sasa ni moja: akifungua ripoti yake kwenye LibreOffice, majedwali yanahama ukurasa na maoni ya msimamizi pembeni yanakaa kama nguo kwenye kamba. Kila kitu kingine anasema kinakimbia kuliko Windows.

Mama alipiga jana. Ameniuliza ile kompyuta ya zamani inaendeleaje. Nikamwambia imepona, haikuhitaji laki nne. Akasema, "Mimi si nilikuuliza kama inaandika?"

Diski ya nje nimesharudisha, tamthilia zote zipo, soda bado nadaiwa. Picha za kijiji nitaweka wiki ijayo, safari hii ni kweli. Saa tano imefika, Dada Mkuu kashasimama kwenye swichi.